Baiskeli ya Mkufunzi

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU, chama tawala, ilikutana Musoma, ikakata shauri lililogusa kila kijiji cha Tanzania Bara: ifikapo mwisho wa mwaka 1977, kila mtoto aliyetimiza umri wa kwenda shule awe ameandikishwa darasa la kwanza. Mpango wa awali ulitaka jambo hilo litimie mwaka 1989. Azimio la Musoma lilifuta miaka kumi na miwili ya kungoja. Madarasa yangejengwa na wanavijiji wenyewe kwa matofali ya udongo, na pasipo na madawati watoto wangekalia magogo. Kazi ngumu ilikuwa kumpata mtu wa kusimama mbele ya watoto hao.

Hesabu yenyewe ilitisha. Mwaka 1974 shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 1.2. Ilipofika mwaka 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Mwalimu wa Daraja A alipaswa awe amemaliza kidato cha nne, kisha akae chuoni miaka miwili. Hata kama vyuo vyote, Butimba hadi Mtwara, Marangu hadi Tukuyu, vingejaza wanachuo mpaka kwenye varanda, visingetoa walimu wa kutosha kwa muda ule. Ndipo Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu hukohuko vijijini, huku wakifundisha. Walioandikishwa walizidi 40,000. Mimi ni mmoja wao.

Nimestaafu sasa. Katika miaka yote ya kazi nimesikia maneno "mwalimu wa UPE", yaani wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, yakitamkwa kwa dharau na wakaguzi, na wazazi, hata na vijana niliowafundisha kusoma mimi mwenyewe. Nataka kueleza jinsi ualimu ulivyofundishwa katika nchi zetu hizi tangu zamani, kwa sababu ukiitazama historia hiyo yote kwa pamoja unaona jambo moja likijirudia. Kila kizazi kilianza kwa kuwapa kazi vijana wenye elimu ndogo. Waliokomaa wakawa walimu hasa ni wale waliokuwa na mtu mzima, mjuzi wa kazi, aliyekuja darasani kwao, akawatazama, akawaelekeza, akaenda zake, kisha akarudi tena.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na walimu karne nyingi kabla ya misheni na serikali za kigeni. Katika vyuo vya Kurani, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, Kilwa na Unguja, mwanafunzi aliyehitimu hakutoka siku hiyohiyo kwenda kufungua chuo chake. Alikaa karibu na mwalimu wake akiwasomesha wadogo, na sikio la mwalimu halikumwachia hata irabu moja iliyopotoka. Siku alipoaminiwa ndipo alipopewa idhini ya kufundisha. Huo ulikuwa mfumo kamili wa kufunza walimu, ingawa haukuwa na bweni, cheti cha muhuri wala wizara.

Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana ya vyuo vikuu vya Uingereza, walihamia Unguja mwaka 1864. Wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wavulana walisoma Kiungani, nje kidogo ya Mji Mkongwe, katika shule iliyoitwa Chuo cha Mtakatifu Andrea. Mwaka 1887 A. C. Madan, mmoja wa waliowafundisha, alichapisha kitabu cha simulizi za wavulana hao, walizoziandika wenyewe: jinsi walivyotekwa bara, walivyouzwa kutoka mkono hadi mkono, walivyovushwa bahari. Kila ninapofikiria mwanzo wa ualimu wa shule katika nchi yetu, nawafikiria hao. Watoto waliokuwa wameuzwa sokoni ndio waliorudishwa bara, Magila, Masasi na kwingineko, kuwafundisha wenzao herufi. Cecil Majaliwa, Myao aliyelelewa na misheni hiyo Unguja, alitumwa Chitangali, kusini, katika miaka ya 1880 kufundisha na kuhubiri. Mwaka 1890 akawa padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo.

Wasichana walikuwa Mbweni, mwendo mfupi kutoka hapo. Shule yao iliongozwa kwa takriban robo karne na Caroline Thackeray, aliyefika Unguja mwaka 1877. Magofu ya Mbweni yako hadi leo, na wanawake tulioshika chaki tuna deni la kuyatembelea, maana humo walifunzwa baadhi ya walimu wa kike wa kwanza wa shule katika pwani hii. Wengi waliolewa na walimu wa Kiungani, mume na mke wakaondoka pamoja kwenda vituo vya bara. Desturi ya Kiingereza ya zama zile ilikuwa mwanafunzi mkubwa afundishe wadogo chini ya macho ya mwalimu wake, huku naye akiendelea kusoma. Haikuwa mbali na ile ya vyuo vya Kurani. Ugumu ulianza pale kijana alipopelekwa bara, mwendo wa siku nyingi kwa miguu kutoka kwa mtu wa kumtazama. Vituo ambavyo padri au mwalimu mkubwa alipita mara kwa mara vilisimama. Vile vilivyosahauliwa vilizimika pamoja na mwalimu wao.

Wajerumani nao walifungua shule ya serikali Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Walihitaji makarani, maakida, wakalimani na watoza kodi, na walihitaji walimu wa kuwazalisha hao wote. Lugha ya kufundishia ikawa Kiswahili. Shule ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na hapo ndipo lilipotoka gazeti la *Kiongozi*, lililosomwa kuanzia mwaka 1904 hivi mpaka vita vilipolizima mwaka 1916. Vijana waliohitimu Tanga walitawanywa kwenye vishule vidogo vya wilayani. Mwalimu mmoja, darasa moja, na amri ya bwana wilaya ya kulijaza watoto. Waingereza walipoingia walikuta Waafrika wengi wanasoma na kuandikiana barua kwa Kiswahili, na kazi hiyo ilikuwa ya vijana wale ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizunguka Afrika Mashariki kuchunguza elimu ya Mwafrika. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Aggrey, msomi kutoka Gold Coast, na habari zake zilibaki midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Katibu wa tume hiyo, James Dougall, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Shule ya Jeanes iliyofunguliwa Kabete, karibu na Nairobi, mwaka 1925.

Kabete inastahili kutajwa kwa urefu. Jina la Jeanes lilikuwa la mwanamke wa Philadelphia, Anna Jeanes, aliyeacha fedha zake zisaidie shule za vijijini za Wamarekani weusi wa kusini. Mwalimu wa kwanza kulipwa kwa mfuko huo, mwaka 1908, alikuwa Virginia Randolph wa Kaunti ya Henrico, jimbo la Virginia, mwanamke mweusi ambaye wazazi wake walizaliwa utumwani. Kazi aliyopewa ilikuwa kutembea kutoka shule hadi shule katika kaunti nzima, kukaa na kila mwalimu, kumsaidia kupanga darasa, kusafisha uwanja, kuzungumza na wazazi. Utaratibu huo ndio ulioletwa Kabete. Waliochukuliwa walikuwa walimu waliokwisha kufanya kazi. Walikuja na wake zao na watoto wao, wakaishi katika nyumba za kijiji kilichojengwa palepale chuoni, wanawake wakafunzwa malezi, afya na kazi za mikono. Baada ya kozi, mwalimu wa Jeanes alirudi kwao akiwa na kundi la shule za kutembelea.

Sisemi serikali ya kikoloni ilifanya hivyo kwa upendo. Ilitaka elimu ya bei nafuu, na wengi katika utawala ule walitaka Mwafrika aishie kwenye jembe na sabuni. Wazazi wa Kikuyu waliliona hilo mapema, wakaanza kujijengea shule zao huru. Lakini kiini cha Kabete, kwamba mwalimu wa kijijini anahitaji mwalimu wake anayemjia, kilikuwa sahihi, bila kujali nani alikitumia kwa nia gani. Uwanja ule uligeuzwa mwaka 1961 kuwa taasisi ya kufunza watawala wa Kenya huru, na leo ni sehemu ya Chuo cha Serikali cha Kenya.

Kwetu Tanganyika, miaka hiyohiyo ya 1920 ilileta vyuo ambavyo majina yake bado yanatajwa. Kiungani ilihamia Minaki, Kisarawe. Mpwapwa ikajengewa chuo cha walimu cha serikali, nacho kipo mpaka leo. Tabora ikafungua shule yake mwaka 1925, kwanza kwa ajili ya watoto wa machifu, na humo ndimo alimopita kijana wa Butiama aliyekwenda Makerere mwaka 1943 kusomea stashahada ya ualimu. Julius Nyerere alifundisha Tabora, St. Mary's, na baadaye Pugu, kabla hajaiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Aliyekuja kutuletea Azimio la Musoma alikuwa mtu aliyewahi kusahihisha madaftari.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto waliokuwa shule ya msingi hawakufika nusu milioni, na wengi wao waliishia darasa la nne. Mwalimu wa kijijini alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa na baiskeli, saa ya mkono, na suruali iliyopigwa pasi ya mkaa. Aliandika na kusoma barua za kijiji kizima. Lakini alikuwa mmoja, na watoto waliokuwa wanachunga mbuzi walikuwa wengi kuliko aliowafundisha. Ndiyo maana Machi 1967 *Elimu ya Kujitegemea*, andiko la Nyerere, ilikuja na hoja kwamba elimu ya msingi iwe elimu kamili kwa wengi, isiwe ngazi ya wachache kupandia sekondari. Karo za shule za msingi zilifutwa mwaka 1973. Musoma ikafuata.

Mimi nilizaliwa Kondoa. Nilimaliza darasa la saba na jina langu halikutoka miongoni mwa waliochaguliwa kwenda sekondari. Nafasi zilikuwa chache, na karibu wenzangu wote walibaki kama mimi. Kijiji chetu kilikuwa kipya, kimetokana na Operesheni Vijiji, nyumba zimepangwa kwa mistari na miti ya kivuli haijakua. Uongozi wa kijiji pamoja na mwalimu mkuu waliitisha vijana waliohitimu, wakatazama nani ana mwandiko mzuri, nani ana tabia ya kuaminika, nani hana haraka ya kukimbilia mjini. Baba yangu alisita. Mama yangu alisema kwamba chuo kikiwa hapa nyumbani, hana sababu ya kumkatalia binti. Nimekutana na walimu wengi wa kike wa kundi letu, kutoka Ulanga, Kahama, Newala, waliopita katika mlango huohuo. Chuo cha mbali kingetuacha nyumbani. Chuo kilichotujia kijijini kilituchukua.

Utaratibu ulikuwa huu. Asubuhi tulifundisha darasa la kwanza na la pili, chini ya uangalizi wa mwalimu mkuu. Alasiri tulikuwa wanachuo. Tulikusanyika kwenye kituo, yaani chumba kimoja cha shule, tukiwa vijana wa kijiji chetu na wa vijiji jirani, na kuanza masomo: Kiswahili, Hisabati, Sayansi, Siasa, Elimu yenyewe na mbinu za kufundisha. Vijitabu vya masomo kwa njia ya posta vilikuja katika bahasha za kaki, na mwishoni mwa kila somo palikuwa na maswali ya kujibu na kurudisha. Kulikuwa na redio ya betri, na kulikuwa na saa ya kipindi cha Radio Tanzania ambayo hatukuruhusiwa kuikosa. Nchi ilikuwa na uzoefu wa redio: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imewakalisha watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi kuizunguka redio na kujadili vyoo, maji na malaria, kisha wakatoka kwenda kuchimba. Sisi tulirithi redio hizo na desturi hiyo: kipindi kikiisha, redio inazimwa, mnajadili.

Na alikuwapo mkufunzi. Alikuwa mwalimu wa Daraja A, mtu wa makamo, aliyepewa vituo kadhaa vya kuzungukia kwa baiskeli. Alikuja na mkoba wa turubai, pampu imefungwa kwenye fremu, vumbi jekundu mpaka magotini. Aliamkia wazee wa kijiji kwanza, akanywa maji, kisha akaingia darasani na kukaa nyuma pamoja na watoto. Hakuwa anakatiza somo. Alikuwa na daftari, na ndani yake aliandika kila alichokiona, kwa mwandiko mdogo wa mlalo.

Alikuwa na mambo yake ambayo sijayakuta katika kitabu chochote cha ualimu. Alitutaka tuandike ubaoni, kisha twende tukakae kwenye gogo la mwisho kabisa, tusome tulichoandika tukiwa na kimo cha mtoto. Alitutaka tuchore darasa kwenye karatasi: nani anakaa wapi, nani anatoka kitongoji gani, nani anavuka korongo wakati wa masika, nani anakuja bila kula. "Andalio la somo linaanzia hapa," alisema, akigonga mchoro kwa kalamu. Alitufundisha kuupaka ubao weusi kwa unga wa betri zilizokwisha uliochanganywa na majani mabichi yaliyopondwa. Alitufundisha kukusanya visoda na vijiti vya kuhesabia, na kuvifunga kumikumi, ili mtoto aione kumi kabla hajaiandika. Watoto walipofungua na kufunga vifurushi vile, kujumlisha kwa kubeba hakukuwa fumbo tena kwao.

Jioni, baada ya vipindi, tuliketi naye nje. Aliusoma ukurasa wa daftari lake unaomhusu kila mmoja, mbele ya wenzake wote. Alianza na lililokwenda vizuri. Lililohitaji kurekebishwa aliligeuza kuwa swali, na swali hilo liliachwa kwetu mpaka arudi. Tulikuwa na wiki nzima ya kulijibu kwa vitendo, na tulijua kwamba atarudi. Sidhani kama kuna mtihani wowote uliowahi kunitia bidii kama kule kujua kwamba atarudi.

Usiku wa siku fulani za wiki tulikuwa na kisomo. Watu wazima walikuja na taa za chemli na vibatari, na kati yao alikuwamo mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Mlangoni nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba kama siku zote. Akishaketi, alinyoosha mkono na kuniita mwalimu. Wanakijiji walijua kupanga heshima mbili mahali pamoja bila kufundishwa na mtu. Mjomba alisoma barua yake ya kwanza mwenyewe, iliyotoka kwa mwanawe aliyekuwa jeshini, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuniita mtoto mbele yake.

Mwaka wa mwisho wa mafunzo tulipelekwa chuoni kwa wiki kadhaa kwa masomo ya ana kwa ana, tukafanya mtihani, na waliofaulu wakapewa cheti cha Daraja C. Ilituchukua miaka mitatu kwa jumla. Wenzetu wa vyuoni walituzidi katika Hisabati na Sayansi, na ni haki kusema hivyo: elimu ya darasa la saba ina mwisho wake, na vijitabu vya bahasha haviwezi kufanya kazi ya maabara. Watoto wa madarasa ya juu walilipa gharama ya upungufu huo. Lakini katika kumfundisha mtoto wa miaka saba kusoma, kuandika na kuhesabu, mbele ya darasa lililojaa, bila vitabu vya kutosha, tulikuwa tumefanya kazi hiyo kila asubuhi kwa miaka mitatu huku tukitazamwa. Mwanachuo wa bweni alikuwa ameifanya kwa majuma machache ya mazoezi.

Kisha mambo yakageuka. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliigharimu nchi. Bei ya mafuta ilipanda, bei za mazao yetu zikashuka. Miaka ya 1980 ilipoanza, sabuni na sukari zilikuwa za kupanga foleni, na betri za redio na matairi ya baiskeli vilikuwa vitu vya kutafuta kwa kujuana. Lengo la kuandikisha watoto lilikuwa limekaribia sana kutimia. Mpango wa mafunzo ya vijijini ukafikia mwisho wake. Wakufunzi walirudishwa vyuoni na maofisini. Mkufunzi wetu alikuja kuaga, akatuachia daftari lake moja lililojaa. Hakuna mtu aliyetumwa badala yake.

Nadhani hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo baadaye tulibebeshwa sisi. Makumi ya maelfu ya vijana walikuwa wamefunzwa kwa utaratibu uliotegemea mtu wa kuwatembelea, kisha mtu huyo akaondolewa, mishahara ikaliwa na mfumuko wa bei, vitabu vikakoma kuja, na darasa likaendelea kukua. Miaka kumi baadaye wataalamu walipopima elimu na kuikuta imeshuka, jibu rahisi lilikuwa kwamba walimu ni wa UPE. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 ilipandisha sifa za kujiunga na ualimu, nasi wa Daraja C tukatakiwa kujiendeleza. Nilisoma usiku, nikiwa na watoto wangu mwenyewe, mpaka nikapata Daraja A, na sijutii chochote nilichojifunza. Vituo vya walimu vilivyoanza kujengwa miaka ile vilisaidia: palikuwa na vitabu, na wenzako wa kata nyingine wa kushauriana nao. Ila ilibidi mwalimu akifuate kituo kwa nauli yake. Zamani kituo kilimfuata mwalimu.

Mwaka 2001 Serikali ilitangaza kufuta tena ada za shule za msingi, zilizokuwa zimerudishwa, na Januari 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulipoanza, niliona kwa mara ya pili yale niliyoyaona nikiwa binti: foleni ya wazazi mlangoni kwa mwalimu mkuu, watoto wa kila umri, magogo yakirudi darasani. Na kwa mara ya pili palihitajika walimu wa haraka. Mafunzo ya Daraja A yakapangwa kuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Kwa maandishi ulikuwa mpango mzuri, karibu na tulivyofunzwa sisi. Lakini vijana walioletwa kwetu kwa ule mwaka wa pili walipewa vipindi kamili siku waliyofika, na wa kukaa nyuma ya darasa lao alikuwa adimu, kwa sababu mwalimu mzoefu naye alikuwa na darasa lake la watoto zaidi ya mia. Muda si mrefu shule za sekondari za kata zikachipuka kila mahali. Vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa kozi ya wiki chache wakapelekwa kufundisha, na mitaa ikawabandika jina la "voda fasta". Niliwahurumia. Jina lilikuwa jipya, dharau ilikuwa ileile tuliyoijua sisi.

Siku hizi kuna mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unaowataka walimu wakutane shuleni na kwenye kata kujadili masomo, na kuna vishikwambi vya kusomea. Waratibu elimu kata wamepewa pikipiki. Nayafurahia hayo yote kwa dhati. Lakini nimezungumza na waratibu kadhaa, vijana hodari, na wanachoniambia ni kwamba pikipiki inawapeleka shuleni kuchukua takwimu: idadi ya waliohudhuria, matundu ya vyoo, madawati, michango, matokeo ya mtihani wa mwezi. Wakimaliza kujaza fomu, jua limekwisha na shule tatu zinasubiri. Mratibu anajua kila kitu kuhusu shule isipokuwa kinachotokea kati ya mwalimu na mtoto ubao ukiwa umeandikwa.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa wenye dhamana ni kidogo na kinaweza kutekelezwa. Takwimu zikusanywe na mtu mwingine. Mratibu arudishiwe kazi ya mkufunzi: akae nyuma ya darasa kwa kipindi kizima, aandike alichokiona, azungumze na mwalimu jioni hiyohiyo, aache swali, na arudi. Mwalimu mpya asikabidhiwe darasa la kwanza peke yake mwaka wake wa mwanzo, hata awe na shahada. Na walimu wazoefu wanaostaafu wakiwa bado na nguvu, nao ni wengi, waulizwe kama wako tayari kutembelea shule za kata zao. Wengi tungekubali kwa nauli tu.

Walimu wa Kiungani waliotumwa bara, vijana wa Tanga katika vishule vyao, walimu wa Jeanes wa Kabete na sisi wa vijijini tulitofautiana kwa mambo mengi, na hakuna kundi lililopewa elimu ya kutosha kabla ya kuanza kazi. Huenda hakuna kizazi cha walimu kitakachowahi kuipata. Mwaka 1976, nchi hii ikiwa na vijiji vipatavyo 8,000, redio za betri na baiskeli, iliweza kumfikisha mkufunzi mpaka darasa la mwisho la kijiji cha mwisho. Leo ina lami, simu na pikipiki. Haina udhuru.